Shajara ya mradi: matairi chakavu ya Tabata

Februari, wiki ya kwanza

Kiwanja kimepatikana. Kiko nyuma ya gereji moja hapa Tabata, Dar es Salaam, kina ukuta pande tatu, na mwenyewe ametuachia bila kodi kwa sharti kwamba matairi yake yawe ya kwanza kuondoka. Sharti la haki. Gereji zote za huku zina kona ya namna hiyo: matairi vipara, yaliyopasuka ubavu, yaliyovuliwa kwenye gari la mteja naye akaondoka bila kuyaulizia. Gari la taka haliyapokei. Kuyapeleka mwenyewe dampo la Pugu Kinyamwezi ni kukodi Kirikuu, kigari cha mizigo, isafirishe hewa, maana sehemu kubwa ya tairi ni lile tundu la katikati. Basi yanarundikwa. Yakizidi yanachomwa usiku, au yanasukumwa bonde la Msimbazi yangoje mvua.

Tabata na moshi wa taka tuna historia. Kuna kesi ya mwaka 1988 ambayo wakazi wa hapa waliipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka katikati ya makazi. Walishinda, ingawa jiji lilirudi mahakamani kuomba kuongezewa muda. Baadhi ya wazee wa wakati ule bado wapo, na ndio waliotusaidia kwenye mkutano wa mtaa. Hapakuwa na haja ya kumweleza mtu ubaya wa moshi.

Kikundi ni cha vijana na akina mama, tumesajiliwa kwa ajili ya mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake. Andiko letu linasema "kugeuza taka kuwa bidhaa", kwa sababu andiko lisilo na bidhaa halipewi mkopo. Mimi ni katibu, shajara iko mkononi mwangu, na naandika hapa msimamo wangu mapema: bidhaa ni jambo la pili. La kwanza ni tairi lisishike maji wala lisishike moto. Kila atakayeleta wazo nitamuuliza swali moja: baada ya hapo, tairi linaishia wapi?

Februari, wiki ya tatu

Upangaji. Tumetenga mafungu manne.

Fungu la kwanza ni matairi ya lori ya nailoni, ya kizamani, yasiyo na chuma isipokuwa waya wa mdomoni unaobana rimu. Haya ndiyo yenye soko. Kisu kikali kilichopakwa maji ya sabuni kinapita, na mafundi wa katambuga, viatu vya matairi, wanayagombania. Yanaadimika kila mwaka kwa sababu malori mengi siku hizi yanavaa matairi ya waya. Hayo ya waya ndiyo fungu la pili: kilo hamsini na zaidi kwa moja, chuma kimepanda mpaka ubavuni, kisu hakina kazi hapo. Lakini kama ubavu ni mzima na waya haujaingia kutu, linaweza kuvikwa mpira mpya juu na kurudi barabarani kihalali, kwa hiyo hayo tunayakagua kwanza kabla ya kuyagusa.

Fungu la tatu ni magari madogo, kilo saba hadi kumi, mengi kuliko mengine yote. Waya umelala chini ya kashata tu, yale meno yanayogusa barabara. Ubavu ni mpira na nyuzi, unakatika kwa mkono, na ukishaukata pande zote mbili unabaki na mkanda wa kati wenye waya wake. Fungu la nne ni bodaboda na bajaji. Membamba, mengi, hayana mwenyewe.

Februari, siku ya mwisho

Amekuja kijana na pikipiki, mpole, mwenye salamu. "Shikamoo mama." Anataka vipara vyote vya magari madogo, kwa bei inayozidi ya mafundi wa katambuga mara kadhaa. Mama mweka hazina akamwitikia, akamwuliza: "Mwanangu, unavipeleka wapi?"

"Kuna watu wanavichonga, mama."

Kuchonga ni kupitisha kisu cha moto kwenye kipara, kuchora mifereji mipya ndani ya mpira mchache uliobaki, kisha kupaka dawa nyeusi ling'ae. Mnunuzi analiona zuri. Yapo matairi ya lori yaliyotengenezwa na mpira wa ziada ili yaje yachongwe, na yameandikwa hivyo ubavuni. Tairi la gari dogo halimo humo. Ukilichonga unakaribia waya, na likishika mwendo kwenye lami ya saa nane mchana huku gari limejaa abiria, yanayofuata tunayasoma magazetini.

Kikao kilikuwa kirefu. Hela ile ingelipa rejesho la kwanza la mkopo. Tuliamua kukataa, na tukaweka kanuni ili tusije tukashawishika siku ya njaa: tairi la gari dogo likivuka geti linachanwa ubavu papo hapo, kabla halijapangwa. Lililochanwa halichongeki.

Jambo jingine lililotoka kwenye kikao, na linamfaa hata asiye na shida na sisi: ubavuni mwa tairi, mwisho wa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Unaponunua tairi la mtumba, soma hizo kwanza, kashata utazitazama baadaye. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo.

Machi, wiki ya kwanza

Afisa afya wa kata amepita. Alimwaga maji ya tairi moja kwenye beseni jeupe akatuita tuangalie. Viluwiluwi walikuwa wanacheza humo.

Nayaandika aliyotueleza pamoja na niliyoyajua, kwa sababu hapa ndipo mradi wote umesimama. Mbu wa homa ya dengi ni Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe miguuni, na anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Anapenda maji machache yaliyotulia gizani. Tairi limeumbwa kama lilitengenezwa kwa ajili yake: ulisimamishe, ulilaze, uliegemeze, litabaki na maji mahali fulani, na jua haliingii. Kutoka yai mpaka mbu mzima ni siku kama saba hadi kumi kwenye joto la Dar es Salaam. Mlipuko wa 2014 na ule wa 2019 bado tunaukumbuka, kila nyumba ilikuwa na mtu aliyelala akilalamika viungo na maumivu nyuma ya macho.

Lenye hila zaidi ni mayai. Hayatagwi majini, yanagandishwa ukutani juu kidogo ya maji. Ukimwaga maji, mayai yanabaki. Yanakaa makavu miezi na miezi, na mvua ya kwanza ikiyafikia yanaanguliwa. Ndiyo maana tairi kavu lililosafirishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine linasafirisha mbu. Ndugu yake huyu mbu, Aedes albopictus wa Asia, alienea duniani kwa njia hiyo hiyo, ndani ya matairi yaliyotumika yanayouzwa nchi kwa nchi; mwaka 1985 walimkuta amekwisha kuweka makazi Houston, Texas.

Kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi. Tunasugua ndani kwa brashi ya waya na sabuni, tunakausha, tunaweka chini ya turubai. Lisilokatwa mara moja linatobolewa. Matundu yapigwe sehemu ambayo ndiyo itakuwa chini, na yawe mapana. Tundu la msumari linazibwa na mchanga siku ya pili. Kuna wanaomimina oili chafu ndani ya matairi kuua viluwiluwi. Inaua kweli, kisha inateremka kisimani. Kwetu ni marufuku.

Machi, katikati

Fundi wa katambuga amekubali kutufundishia vijana wawili. Mzee huyu anakata soli bila kupima: anaweka mguu wa mteja juu ya mpira, anazungusha chaki, anafuata kwa kisu. Kamba za juu anazitoa kwenye mpira wa ndani wa tairi, ule ule unaochanwa ukawa mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli na pikipiki. Nilimwuliza kuhusu matairi ya magari madogo. Akacheka. "Mwanangu, waya ukichomoza kwenye soli, mteja atarudi na mguu wake mkononi." Anachotaka kutoka fungu la tatu ni ubavu tu, kwa ajili ya soli nyepesi za watoto.

Tukapiga hesabu. Ubavu unauzika, mkanda wa waya unabaki. Yaani katika tairi la gari dogo, sehemu inayogeuka kuwa kiatu ni ndogo, na sehemu ngumu yote inarudi kwetu. Mafundi wa bushi za magari wanachukua vipande vya mpira mnene, nao hawataki waya. Kila mwenye kazi nzuri ya tairi anachagua mnofu na kutuachia mfupa. Simlaumu yeyote, lakini kwenye andiko tuliandika kana kwamba tairi lote linakuwa viatu.

Waya wenyewe una soko kwa wanunuzi wa chuma chakavu, lakini njia waliyoizoea ya kuupata ni kuchoma. Tumewaambia hatuuzi mikanda kwao.

Aprili, masika

Mvua. Kisu kimelala. Turubai limehimili, matundu yanatoa maji vizuri.

Mvuvi mmoja, shemeji yake mwenzetu, ametushauri tuyafunge mafungu tuyazamishe baharini yawe nyumba ya samaki. Kwa mtu wa pwani wazo linavutia. Wamarekani walilijaribu mwaka 1972 karibu na Fort Lauderdale, Florida, wakazamisha matairi kama milioni mbili. Vifungo vilikatika, matairi yakaanza kuzurura na mawimbi, yakayapiga matumbawe hai yaliyokuwa jirani. Tangu 2007 wapiga mbizi, wakiwemo wa jeshi, wamekuwa wakiyatoa moja moja. Nikamsimulia shemeji. Akasema basi tumpe machache ya kukinga boti isikwaruze gati, tukampa, yenye matundu.

Mei, wiki ya pili

Wiki ya wageni wenye suluhisho. Wa kwanza ni kijana wetu mwenyewe: kwa nini tusiyayeyushe kama plastiki, tukamimina kwenye kalibu? Swali zuri, na jibu lake limekaa ndani ya mpira. Mpira mbichi huyeyuka na kunata. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa ukaupasha moto, unakuwa mgumu na haunati tena. Hati yake ya ugunduzi ni ya 1844. Salfa inazifunga nyuzi za mpira zikashikana zote. Kinacholifanya tairi livumilie lami ya moto ndicho kinacholifanya likatae kuyeyuka. Ukilipasha zaidi haliwi uji, linaoza kwa moto.

Mgeni wa pili anauza tanuri la kuoza kwa moto huko huko: tairi linafungiwa kwenye pipa la chuma lisilopata hewa, linapashwa nyuzi 400 hadi 600, linatoa mafuta, gesi, masizi na waya. Teknolojia yenyewe ni ya kweli. Mtambo mkubwa wenye vichujio na watu wanaojua unaendeshwa vizuri kwingineko. Pipa alilotuonyesha kwenye simu halikuwa na kichujio, gesi ilikuwa inatolewa kwa bomba la kawaida, na mafuta yake yana salfa nyingi kiasi kwamba wanunuzi wangekuwa wenye matanuri ya moto usio na ukaguzi. Na kazi kama hiyo inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira na cheti, haifanyiki nyuma ya gereji kwenye makazi ya watu. Aliposema "hiyo ya cheti tutaizungumza," mama mweka hazina akamletea soda, akamsindikiza.

Baada yake nikaona tuzungumzie moto rasmi. Tairi likishika moto ni tabu kulizima: limejaa hewa kwa ndani, maji yanateleza kwenye mgongo wake, na yanayofika chini yanaondoka na mafuta yaliyoyeyuka mpaka mtaroni. Mwaka 1983 rundo la matairi kama milioni saba karibu na Winchester, Virginia, liliwaka miezi tisa. Letu ni dogo sana mbele ya hilo, ila Tabata nyumba zinagusana. Kanuni sasa ni hizi: rundo lisipite kifua cha mtu, kati ya rundo na rundo pawe na njia ya kupita mkokoteni, lisiegemee ukuta wa jirani, mchanga uwe karibu kila kona, na namba ya zimamoto, 114, imepakwa rangi kwenye geti. Kuchomelea vyuma upande ule wa gereji kumehamishwa mbele. Mwenye gereji alinung'unika kidogo.

Juni

Shule ya msingi ya jirani wameomba uwanja wa michezo. Hili nililitilia shaka, maana tairi linalopelekwa shuleni bila matunzo ni mbu waliopelekwa kwa watoto wanaovaa kaptula mchana. Tulikubaliana na mwalimu mkuu: kila tairi linafukiwa nusu, nusu ya chini inajazwa mchanga ukashindiliwa, na lile la bembea linatobolewa chini. Yaliyochomoza hata unywele wa waya hayakwenda. Unaujua kwa kupitisha kitambaa laini juu ya mpira. Waya ukiwepo, kitambaa kinanasa.

Kuhusu rangi, kwa wanaotaka kujaribu: tairi lina dawa ndani ya mpira ya kulikinga na jua na hewa, nayo hutoka taratibu ikapaka rangi yako madoa ya kahawia. Usipake siku ya kwanza. Sugua kwa sabuni na msasa, liache juani, paka rangi ya kwanza nyembamba, subiri, ndipo upake ya pili. Nyeupe bado itabadilika. Tumia buluu na nyekundu.

Akina mama wa kamati ya shule walitaka pia bustani ya mchicha ndani ya matairi. Tumewapa ya maua. Tairi lina oksidi ya zinki na kemikali nyingine zinazovuja kidogo kidogo. Mwaka 2020 wanasayansi wa Marekani walionyesha kwamba kemikali moja ya kuhifadhi matairi, ikigeuka hewani na kuoshwa na mvua mpaka mtoni, inaua samaki aina ya samoni wa koho. Mchicha si samoni, ila viroba vya udongo vipo na havina gharama kubwa, hivyo sioni sababu ya kubahatisha na mboga ya watoto.

Julai

Hatimaye jibu la mikanda ya waya. Kiwanda kimoja cha saruji kimekubali kupokea matairi yetu kama kuni za tanuri lao.

Najua linavyosikika: tumekataza kuchoma, sasa tunapeleka yakachomwe. Tofauti iko kwenye joto na muda. Moto wa kichochoroni unafuka, haujapata joto wala hewa ya kutosha, ndiyo maana unatoa moshi mweusi wenye masizi, benzini na dioksini. Ndani ya tanuri la saruji mawe yanaokwa kwenye nyuzi kama 1,450, na hewa yake ina joto zaidi ya hapo, inakaa humo muda wa kutosha kila kitu kuvunjika. Salfa inashikwa na chokaa. Chuma kinaingia ndani ya saruji yenyewe, ambayo hata hivyo huhitaji madini ya chuma. Hakibaki kitu cha kuzolewa. Na kilo ya tairi ina joto linalolingana na la makaa ya mawe mazuri au kuzidi. Ujerumani na Japani wamefanya hivi miongo mingi, na hapa jirani kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kimewahi kuyatumia. Bila shaka inategemea tanuri kutunzwa na moshi wake kupimwa, na kabla ya kukubaliana tuliomba kuona vipimo hivyo. Tulionyeshwa.

Katika yote yaliyopita humu, hii ndiyo njia pekee ambayo tairi linakwisha. Katambuga itachakaa, bembea itapasuka, chungu cha maua kitatupwa, na vyote vitarudi kuwa taka ya mpira.

Masharti yao: hawanunui, wanapokea tu. Yasiwe na rimu wala tope. Mzigo uwe wa lori, si wa mkokoteni. Usafiri juu yetu. Hapa ndipo kukata ubavu kunalipa: mikanda inapachikwa mmoja ndani ya mwingine, mbavu zinalazwa kama sahani, na lori lililokuwa likijaa hewa linabeba mzigo wa maana. Kibali cha kusafirisha tunakifuatilia kwa Baraza la Mazingira, NEMC.

Agosti, wiki ya kwanza

Fungu la nne, bodaboda. Fundi seremala wa mtaa wa pili anayachana mikanda mirefu na kufumia viti vya stuli. Kazi safi, inadumu kuliko plastiki, na wenye vibanda vya chai wameanza kuagiza. Anachukua kidogo tu. Tulipewa wazo la kuyapanga kwenye kingo za korongo yashike udongo. Juu, kwenye ngazi za kupandia, sawa, tumeyajaza udongo na kuyapigia vigingi. Chini bondeni hapana. Msimbazi ukijaa unabeba nyumba, sembuse tairi la pikipiki. Yaliyobaki yote tutayachomeka kwenye mianya ya lori.

Agosti, wiki ya tatu

Kibali kimetoka, lori la kwanza limeondoka. Mikanda ya waya yote imekwenda, na sehemu kubwa ya bodaboda. Karatasi ya mizani imebandikwa ofisi ya mtaa ili anayetaka aisome.

Afisa afya amerudi na beseni lake akazunguka kiwanjani, halafu akaenda kwa watu walionunua vyungu vya maua. Kiwanjani palikuwa pakavu. Kwenye vyungu alikuta maji katika viwili, wenyewe waliziba matundu kwa saruji udongo usitoke. Kuanzia sasa chungu kinatoka na kokoto chini na matundu ubavuni badala ya kitakoni, na mjumbe wa shina ana orodha ya nyumba zilizonunua.

Safari ya pili ya lori tulitaka iwe kabla ya vuli. Mama mweka hazina amegoma kutoa hela ya mafuta mpaka rejesho la Oktoba liwe limetengwa, na viatu vya mwezi huu havijafikisha. Tumekubaliana tuwaombe wenye gereji wachangie kidogo kwa kila tairi wanaloleta. Watatu wameshakubali. Mwenye kiwanja chetu anasema yeye amekwisha kulipa kwa ardhi.